Kiungo cha Tela: Wajibu wa Dereva na wa Askari

Ajali nyingi za magari makubwa husemwa kuwa zimeletwa na mwendo wa kasi, ulevi, usingizi au breki mbovu. Sababu hizo ni za kweli, nazo zimekwisha kusemwa sana. Lakini iko sehemu nyingine ya gari kubwa isiyotajwa mara kwa mara, ijapokuwa uzito wa tela na maisha ya watu walio nyuma yake huitegemea. Sehemu hiyo ni kile kiungo kinachoshika tela kwenye kichwa cha lori. Yafaa kiungo hicho kielezwe kwa urefu, na hasa kwa askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa askari ama huendesha magari ya namna hiyo, ama huyasindikiza, ama huyasimamisha njiani na kuyakagua.

Bujumbura ni mji unaoishi kwa magari hayo. Jabe, mtaa ulio jirani na Bwiza na Buyenzi, una soko lake linalojulikana, na bidhaa nyingi zinazouzwa hapo na katika masoko mengine ya mji zimebebwa na tela kutoka bandari ya Dar es Salaam. Ni kweli kwamba iko pia njia ya reli na ziwa, tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, na meli hutoka Kigoma hadi bandari ya Bujumbura. Hata hivyo barabara ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mizigo. Malori hukata Tanzania kutoka pwani hadi magharibi, huvuka mpaka wa Kabanga na Kobero, hupita Muyinga, kisha huingia katika milima ya Burundi. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 1,500.

Sehemu ya mwisho ya safari hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Kutoka Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, barabara huteremka hadi Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 775. Mteremko huo wote humalizika katika mwendo wa kilomita zipatazo 35, wenye kona nyingi, ukungu na mvua. Upande wa kupanda nao una hatari yake. Vijana wa baiskeli, ambao huteremsha ndizi na makaa mjini, hurudi juu kwa kushikilia nyuma ya malori. Kwa hiyo tela likichomoka katika kichwa chake kwenye mlima ule, haliendi kuanguka mahali patupu. Linarudi nyuma kwa watu.

Je, kiungo hicho ni kitu gani? Madereva wa Afrika Mashariki hukitaja kwa jina la Kiingereza lenye maana ya gurudumu la tano. Jina hilo limetoka katika zama za magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli ipate kugeuka. Duara lile lilifanana na gurudumu, na kwa kuwa gari lilikwisha kuwa na magurudumu manne, likaitwa la tano. Mafundi wa Burundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa hukiita seleti, neno lenye asili ya tandiko la farasi. Jina hilo nalo linafaa, maana tela hukaa juu ya kichwa cha lori kama mpandaji juu ya tandiko. Tela la namna hii lilianza kuenea huko Marekani baada ya mwaka 1914, wakati mhunzi August Fruehauf wa Detroit alipomtengenezea mteja wake tela la kubebea mashua, likavutwa na gari dogo la Ford.

Kiungo kina pande mbili. Upande wa kwanza ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa kwa bolti juu ya fremu ya kichwa cha lori. Sahani hiyo ina mwanya nyuma yake, na katikati ya mwanya zimo taya za kufungia. Upande wa pili ni pini nene ya chuma iliyo chini ya tela, upande wa mbele. Kichwa kinaporudi nyuma, pini huingia katika mwanya, taya huikumbata na kujifunga. Tangu hapo tela huvutwa na pini hiyo moja. Katika matela mengi pini hiyo ina unene wa milimita 50.8 tu, yaani inchi mbili. Matela ya mizigo mizito sana, kama yale yanayobeba vifaru na matingatinga, hutumia pini nene zaidi, ya inchi tatu na nusu.

Tofauti kubwa iliyopo kati ya kiungo hiki na ndoano ya kawaida ni kwamba hiki huvuta na pia hubeba. Tela la namna hii halina magurudumu ya mbele. Sehemu ya uzito wake, na mara nyingi ni tani kumi au zaidi, hukalia sahani. Na kila mara gari linapokata kona, sahani hujisokota chini ya uzito huo, chuma juu ya chuma. Katika barabara ya kona nyingi kama ile ya Bugarama, kusokotana huko hutukia mamia ya mara katika safari moja. Hapo ndipo ilipo haja ya grisi. Grisi huweka utando mwembamba kati ya vyuma viwili ili visigusane. Utando ukiwapo, vyuma huteleza. Usipokuwapo, vyuma hukwaruzana, hupata joto na kulana.

Wapo wanaodhani kwamba hasara ya kukosa grisi ni kelele na kutu tu. La, sivyo. Sahani iliyokauka humkatalia dereva usukani. Dereva hupinda magurudumu ya mbele, lakini tela zito lililong'ang'ania sahani hulazimisha kichwa kiendelee mbele moja kwa moja. Barabara ikiwa kavu, tairi hushinda, ingawa hulika upesi. Barabara ikiwa imelowa kwa mvua, tairi za mbele huteleza na gari likaacha kona. Kisha, kona ikiisha, kichwa hukawia kunyooka, dereva akapigana na usukani hadi kona inayofuata. Baadaye mkaguzi huandika kwamba dereva alishindwa kulimudu gari, na sahani iliyokauka haitajwi katika taarifa.

Hasara ya pili hutokea katika taya na pini. Vyuma hivyo vikilika, nafasi huingia kati yao. Tangu hapo kila kuondoka na kila kufunga breki huwa ni pigo la nyundo, tani nyingi zikiigonga pini ile ile. Matangi ya mafuta yasiyojaa huzidisha hatari hiyo, kwa sababu mafuta yaliyomo huenda mbele na nyuma kama wimbi na kugonga mara ya pili na ya tatu. Mapigo hayo hulegeza bolti za sahani, huanzisha nyufa, na hatimaye hufanya taya zisishike.

Itasemwa kwamba tela lina breki zake. Ni kweli. Tela lenye breki za upepo limeundwa hivi kwamba likichomoka na mabomba ya upepo yakakatika, breki zake zijifunge zenyewe. Lakini kinga hiyo ni ya tela lenye breki nzima. Mwenye gari anayesahau grisi, ambayo ni kitu cha bei ndogo, si mtu wa kutumainiwa kwamba amekumbuka breki. Kadhalika, tela linalochomoka katikati ya kona huweza kupinduka kabla breki hazijapata nafasi ya kufanya kazi.

Basi kazi ya kupaka grisi hufanywaje? Kwanza kabisa, tela litenganishwe na kichwa mahali tambarare, na magurudumu yake yazuiwe kwa vigingi au mawe mazito. Injini izimwe na breki ya mkono ifungwe. Ni mwiko kutia mkono katika taya huku injini ikinguruma au huku mtu mwingine akiwa kwenye usukani. Springi ya taya ina nguvu za kukata vidole.

Pili, grisi ya zamani iondolewe yote. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huona sahani ni nyeusi na chafu, wakaongeza grisi mpya juu ya ile ya zamani. Grisi ya zamani imekwisha kushika mchanga, vumbi na chembe za chuma, na mchanganyiko huo hulisaga chuma kama jiwe la kunolea. Kwa hiyo grisi ikomolewe kwa kipande cha ubao au bapa la chuma, kisha sahani, taya na pini zifutwe kwa vitambaa mpaka chuma chenyewe kionekane. Uchafu huo ukusanywe katika debe. Usitupwe mferejini, kwani mifereji ya Bujumbura huishia katika mito kama Ntahangwa, unaopita kando ya Buyenzi, na mito hiyo humimina katika Ziwa Tanganyika, ambalo wananchi hunywa maji yake na kula samaki wake.

Tatu, chuma kikiwa safi, kikaguliwe. Jicho litafute nyufa kwenye sahani, hasa pembeni mwa mwanya na kwenye mabano yanayoibeba. Bolti zipimwe kwa spana. Msitari wa kutu unaochuruzika kutoka kichwa cha bolti ni dalili kwamba bolti hiyo inacheza. Pini ipimwe unene kwa kipimo cha fundi. Pini ya milimita 50.8 iliyolika hadi milimita 49 haifai tena, na hapana budi ibadilishwe. Kamwe isijazwe kwa kuchomelea, kwa kuwa moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, na pini ya namna hiyo huweza kukatika bila ya kutoa onyo.

Nne, ndipo grisi mpya ipakwe. Inayofaa ni grisi nzito ya lithiamu ya daraja la pili, iliyotengenezwa kwa mizigo mikubwa, na bora zaidi ikiwa na molibdeni au grafaiti. Uso wote wa sahani upakwe, na mifereji iliyochongwa juu yake ijazwe. Taya zipakwe ndani, pini izungushiwe, na vipande vya mtambo wa kufungia, pamoja na egemeo la mkono wa kufungulia, vitiwe mafuta. Chuchu za grisi zikiwapo, zipigwe bomba mpaka grisi mpya itokeze. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini haifai kwa kazi hii. Huchuruzika baada ya kilomita chache, nayo imekwisha kujaa chembe za chuma. Kwa upande mwingine, kurundika grisi kama chokaa hakuongezi usalama, kwa sababu inayozidi hutoka pembeni na kukusanya vumbi. Tena zipo sahani za kisasa zenye bamba la plastiki ngumu juu yake. Hizo hazipakwi grisi usoni, ila taya zake hutaka grisi kama za sahani nyingine.

Kuhusu muda, kitabu cha mtengenezaji ndicho kiongozi. Lakini vitabu hivyo huhesabu barabara za lami na hewa safi. Gari linalopita katika vumbi, tope na mvua za milimani lapaswa kuangaliwa mapema zaidi, na kila linapooshwa kwa maji ya nguvu lipakwe upya, maana maji hayo huondoa grisi pamoja na uchafu.

Kuna kosa moja la utaratibu linalostahili kutajwa kwa askari wa usafirishaji. Sahani ni mali ya kichwa, na pini ni mali ya tela. Katika kambi na katika makampuni, vichwa na matela hubadilishana kila siku. Dereva mwangalifu huipaka sahani yake grisi, kisha hupewa tela lenye pini kavu iliyojaa mchanga, na kazi yake yote huharibika katika safari moja. Aidha, dereva hudhani kwamba kazi hiyo ni ya fundi, na fundi hudhani ni ya dereva. Dawa yake ni daftari. Kila kichwa na kila tela viwe na ukurasa wake, na aliyepaka grisi aandike tarehe na kutia saini. Mkuu wa magari asipoona saini, gari lisitoke.

Historia ya majeshi inafundisha jambo hilo. Tarehe 25 Agosti 1944 jeshi la Marekani huko Ufaransa lilianzisha msafara wa malori wa kupeleka risasi, chakula na petroli kwa vikosi vilivyokuwa vikimfukuza adui. Wengi wa madereva wake walikuwa askari Waamerika weusi. Katika siku zake za kilele msafara ulitumia magari karibu 6,000 na kubeba zaidi ya tani 12,000 kwa siku moja. Lakini magari yalikimbizwa usiku na mchana bila ya kupumzishwa wala kutunzwa ipasavyo, na msafara ulipofungwa tarehe 16 Novemba 1944 maelfu yalikuwa yamechakaa. Askari wa Burundi waliotumwa Somalia tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024 nao hawahitaji kuelezwa maana ya chakula, maji na risasi kufika kwa barabara, wala jinsi mchanga unavyoingia katika kila kiungo cha gari.

Grisi ikiwa tayari, imebaki kazi ya kuunganisha, nayo ina amri zake. Sehemu ya mbele ya tela iwe chini kidogo kuliko sahani, ili sahani ilinyanyue inapoingia. Tela likiwa juu mno, pini hupita juu ya taya, zikajifunga bila ya kuishika. Dereva arudi polepole, kwa mstari ulionyooka, na asiwepo mtu kati ya kichwa na tela. Taya zikilia kwa kufunga, ajaribu kuvuta mbele taratibu huku breki za tela zimefungwa. Jaribio hilo ni la lazima, lakini halitoshi, kwani pini iliyokaa vibaya huweza kuvumilia mvuto mdogo na kuchomoka baadaye barabarani. Kwa hiyo ateremke, achukue tochi, aingize kichwa chini ya tela na kutazama kwa macho yake. Sahani na tela vigusane bila ya mwanya. Taya ziwe zimeizunguka shingo ya pini. Mkono wa kufungulia uwe umerudi ndani na kizuizi chake kimekaa mahali pake. Baada ya hapo mabomba ya upepo na waya wa taa viunganishwe, na miguu ya tela ipandishwe.

Kwa askari polisi aliye barabarani, mambo hayo hayo ndiyo ukaguzi. Dakika tano na tochi zinatosha. Gari likiwa limesimama, injini imezimwa na dereva ameteremka, askari atazame pembeni mwa sahani kama kuna grisi au kuna chuma kinachong'aa kwa mikwaruzo. Atazame kama mkono wa kufungulia umekaa ndani, au umefungwa kwa waya na kipande cha mti. Atazame mwanya, nyufa, alama za kuchomelea na michirizi ya kutu. Amwombe dereva ataje mara ya mwisho kiungo kilipopakwa grisi. Kama shaka ni kubwa, gari lisiruhusiwe kuteremka mlima mpaka fundi alione. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari yaruhusu gari lenye ekseli za kutosha kufika tani 56. Uzito huo ukiachwa upite na kiungo kibovu kwa sababu ya noti iliyokunjwa ndani ya kitabu cha gari, aliyepokea noti hiyo ana sehemu yake katika maafa yatakayofuata.

Vivyo hivyo, ukaguzi usigeuzwe kuwa njia ya kuwasumbua madereva wema. Dereva mwenye sahani safi, daftari lililojazwa na pini nzima apite upesi, na wenzake waone kwamba kazi njema inaokoa wakati. Mara nyingi aliyenyima grisi ni mwenye gari anayehesabu faida ya safari moja na kumpa dereva gari kavu. Askari amtambue huyo pia, na taarifa iandikwe kwa jina lake, si kwa jina la dereva peke yake.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mikebe michache ya grisi kwa mwaka, kitambaa, spana na nusu saa ya kazi si gharama ya kulinganishwa na tela moja lililopinduka Bugarama, shehena iliyomwagika, au kijana wa baiskeli asiyerudi kwao. Kila mkuu wa kikosi chenye magari ya tela aanze juma hili: aite madereva na mafundi wake, afungue kiungo kimoja mbele yao, akisafishe, akipime, akipake grisi, na aagize kwamba kila kiungo kilichobaki kifanyiwe hivyo kabla gari halijapanda mlima.